Homstedi Harris County: jinsi ya kuomba punguzo la kodi ya nyumba yako Texas bila kumlipa mtu

Nianze na ile barua kwanza. Ukinunua nyumba huku Houston na vitongoji vyake, wiki chache tu baada ya kusaini unaweza kupata bahasha yenye sura ya serikali, ina jina lako, ina anwani ya nyumba, ndani wanakwambia lipa kiasi fulani tukusajilie homstedi kabla ya tarehe fulani, na tarehe yenyewe ya karibu mpaka moyo unakwenda mbio. Usilipe jamani. Hao ni wafanyabiashara. Kuomba homstedi ni bure kabisa, fomu unaijaza mwenyewe mezani kwako kwa nusu saa, na hapa nitakueleza mwanzo mpaka mwisho kama vile nimekaa pembeni yako.

Mimi nilinunua Cypress, kitongoji cha Houston, mwaka 2019, na mwaka mzima wa kwanza nilijua mambo yote yalishaisha siku ile ya kusaini, maana unasaini makaratasi mpaka mkono unauma, ukitoka pale unaamini hakuna kilichobaki. Kumbe kimebaki. Mama mmoja wa Kikongo tunayesali naye ndo aliniuliza, "Mwanangu, homstedi umeshaweka?" Nikamwambia, mama, si inakuja yenyewe? Akasema, "Haiji yenyewe, lazima uifuate." Nilivyorudi nyumbani nikafungua ukurasa wa nyumba yangu kwenye tovuti ya HCAD, yani ofisi ya uthamini wa nyumba ya Harris County, pale penye misamaha hakuna kitu, patupu. Nimelipa kodi kamili kama mtu mwenye nyumba ya kupangisha wakati nalala humo humo kila siku na watoto wangu. Iliniuma sana na ndo maana naandika.

Sasa tuelewane kwanza kwenye neno. Nyumbani ukisema kodi ya nyumba mtu anajua ni pango unalompa mwenye nyumba. Hapa naongelea kodi ya kila mwaka ya jengo na kiwanja, ile ambayo Wakenya wengi mngeita rates ila hii ni kubwa mno. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, mshahara wako jimbo hawaugusi, kwa hiyo shule, kaunti, hospitali za umma, mifereji ya mafuriko, vyote vinategemea kodi ya majengo na ardhi. Homstedi ni msamaha wa sehemu ya thamani ya nyumba unayoishi mwenyewe, yani wanaitoa ile sehemu kwanza ndo wanapiga hesabu ya kodi kwenye kilichobaki.

Na msamaha umekua sana. Mimi naanza, upande wa shule ulikuwa dola 25,000 tu. Mwaka 2023 ukapanda kuwa 100,000, halafu mwezi wa 11 mwaka 2025 wapiga kura wa Texas wakapitisha 140,000, ikahesabiwa kuanzia kodi ya mwaka huo huo wa 2025. Chukua nyumba ya dola 280,000. Shule wanakutoza kwenye 140,000 iliyobaki, nusu imeondoka! Tuseme shule za kwenu zinatoza dola moja kwa kila dola mia, hapo umeokoa dola 1,400 kwa mwaka upande wa shule peke yake. Juu ya hapo Harris County yenyewe inatoa asilimia 20, na kama nyumba yako iko ndani ya mipaka ya jiji la Houston jiji nalo linatoa asilimia 20. Sisi wa Cypress anwani nyingine zinaandikwa Houston kwenye barua lakini hatuko ndani ya jiji, hatulipi kodi ya jiji, ila wengi tuna ile MUD, yani mamlaka ya mtaa ya maji na maji taka, ambayo nayo ina kodi yake. Ukitaka kujua wewe uko wapi angalia ukurasa wa nyumba yako, wameorodhesha kila mmoja anayekutoza.

Kitu kingine ambacho watu hawakiongelei na mimi nakiona kikubwa kuliko hata huo msamaha ni ile asilimia 10. Ukishakuwa na homstedi, thamani wanayokutozea haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka hata soko lirukeje, isipokuwa umeongeza jengo jipya. Nyumba ya 280,000 soko likisema sasa ni 330,000, wewe unahesabiwa 308,000 basi. Hii kinga inaanza Januari ya mwaka unaofuata baada ya mwaka wa kwanza wa homstedi, kwa hiyo kila mwaka unaochelewa kuomba na kinga nayo inachelewa.

Haya, tuanze kazi. Kabla hujagusa fomu toa leseni yako ya kuendesha gari, au ID ya Texas kama huendeshi, isome anwani iliyoandikwa pale. Ni ya hii nyumba? Au bado ni ile apatimenti ya zamani? Hapa ndo watu wetu wengi wanakwama. Mimi yangu ilikuwa bado na namba ya apatimenti tuliyohama, nikatuma fomu na picha ya ile leseni, ikarudi. Anwani ya leseni lazima ifanane na anwani ya nyumba unayoombea. Nenda tovuti ya DPS, ile idara ya jimbo inayotoa leseni, ubadilishe anwani, ada ni dola 11, wengi inawezekana onlaini bila kwenda kupanga foleni, na sheria yenyewe inataka ubadilishe ndani ya siku 30 tangu uhame. Subiri kadi mpya ifike ndo uendelee. Naomba uanzie hapa kwa sababu kadi inakuja kwa posta, na mwisho wa kawaida wa kuomba ni tarehe 30 mwezi wa nne, ukikumbuka tarehe 25 itakubana.

Ukiwa na leseni mkononi angalia na majina. Sisi majina yetu yanatembea, viza inasema hivi, leseni imegeuza la baba likawa la katikati, hati ya nyumba imekata moja. Linganisha leseni na hati, herufi kwa herufi. Kama hati imekosewa rudi kwa ile ofisi iliyoshughulikia ununuzi waulize jinsi ya kusahihisha, na kama bado hujanunua, basi siku ya kusaini soma jina lako kwenye hati kabla hujasaini kitu chochote, usione aibu kuwasimamisha.

Halafu ujue unaenda ofisi gani. Zipo mbili na watu wanazichanganya kila siku. HCAD ndo wanaothamini nyumba na kutoa misamaha, tovuti yao ni hcad.org, ofisi yao ipo Northwest Freeway. Ofisi ya kodi ya kaunti kazi yao ni kutuma bili na kupokea hela. Homstedi inaombwa HCAD. Ingia pale tafuta kwa anwani au kwa jina, utapata nyumba yako na namba ya akaunti yenye tarakimu 13, iandike mahali maana utaihitaji leo na miaka yote unayokaa humo.

Fomu inaitwa 50-114, juu imeandikwa Residence Homestead Exemption Application. Ni fomu ya jimbo, ndo hiyo hiyo Texas nzima, kwa hiyo ndugu zangu wa Fort Bend, wa Dallas, wa Fort Worth mnaweza kufuata haya haya ila mnapeleka kwa ofisi ya uthamini ya kaunti yenu, msilete Harris. Unaweza kujaza onlaini au ukachapa ukajaza kwa kalamu ukatuma kwa posta. Fomu haina swali la uraia, wanataka kujua kama unamiliki na kama ndo makazi yako makuu. Sijui ni nani alianza kusema homstedi ni ya raia peke yao lakini nimekutana na watu wameishi kwenye nyumba yao miaka bila kuomba kwa sababu hiyo, inasikitisha.

Kwenye kujaza, unachagua aina ya msamaha, ule wa kawaida ndo wa wote, halafu kuna visanduku vya miaka 65 na kuendelea, ulemavu, wanajeshi wastaafu wenye ulemavu na wajane. Unaandika tarehe uliyopata umiliki na tarehe uliyoanza kukaa, hizi ni mbili tofauti, usiandike moja mara mbili kama ulihamia mwezi baadaye. Mke na mume mkiwa wote kwenye hati andikeni wote. Asilimia ya umiliki, kama ni yenu nyie wawili peke yenu ni 100. Pale mwisho unapothibitisha, unasema kwamba hudai msamaha wa namna hii kwenye nyumba nyingine, iwe Texas au nje ya Texas, na huo ni uthibitisho wa kisheria kwa hiyo sema kweli. Watu wananiuliza, na nyumba niliyojenga nyumbani je? Kuwa nayo tu hakukuzuii. Kinachoulizwa ni kama unadai msamaha wa makazi makuu sehemu nyingine, na kama hapa ndo unapoishi kweli.

Ambatanisha picha ya leseni, iwe inasomeka, piga mchana dirishani kadi ikiwa juu ya karatasi nyeupe bila mng'ao wa taa. Tuma. Weka nakala na ile risiti ya kuthibitisha kwamba wamepokea. Wakihitaji kitu zaidi wanakuandikia barua na una siku 30 za kujibu, kwa hiyo kipindi hicho fungua posta kila siku, usiziache bahasha zikae juu ya friji.

Tarehe ya kawaida ni 30 mwezi wa nne. Zamani ilibidi uwe unamiliki tarehe 1 Januari, lakini tangu 2022 ukinunua katikati ya mwaka unaweza kuomba mwaka huo huo na ukahesabiwa sehemu iliyobaki, mradi aliyekuuzia hakuwa na msamaha ule ule mwaka huo. Na kama umechelewa usikate tamaa, hii ndo sehemu iliyoniokoa mimi. Sheria inaruhusu kuomba hadi miaka miwili baada ya siku ile kodi ilipogeuka deni, na kodi inageuka deni tarehe 1 Februari. Nilirudishiwa ya ule mwaka wangu wa kwanza. Kwa hiyo jaza fomu na mwaka uliokosa utaje.

Kama una mzazi anayemiliki nyumba na ametimiza miaka 65, tafadhali kaa naye wikiendi hii. Kuna nyongeza ya dola 60,000 upande wa shule juu ya zile 140,000, na zaidi ya hapo kodi yake ya shule inawekewa dari, haipandi tena juu ya pale isipokuwa akiongeza jengo. Haingoji Januari, mwaka anaotimiza 65 anaomba. Wenye ulemavu nao wanayo hii. Na pale mwenye nyumba akifariki, warithi wanaoishi humo wanaweza kuomba homstedi hata kama hati bado ina jina la marehemu, kuna kiapo na karatasi za ziada za kuambatanisha, kwa hiyo msiache nyumba ya mama iwe inalipiwa kodi kamili eti kwa sababu mirathi haijaisha.

Ukishapewa hauombi tena kila mwaka. Ila tangu 2023 ofisi za uthamini zinatakiwa kuhakiki angalau mara moja kila miaka mitano, kwa hiyo barua ya HCAD ya kukuuliza kama bado unaishi humo ni ya kweli, ijibu. Ukienda nyumbani kwa muda mrefu homstedi inabaki kama uko nje chini ya miaka miwili na una nia ya kurudi na hujaweka makazi makuu kwingine. Ukihama kabisa au ukaipangisha, waambie.

Kila majira ya kuchipua HCAD wanatuma na barua ya thamani, ina namba mbili, ya soko na ile ya kutozea. Ukiona wamezidisha una mpaka tarehe 15 mwezi wa tano au siku 30 tangu barua itumwe, ile ya baadaye kati ya hizo. Kupinga nako ni bure. Piga picha za ufa wa ukutani, paa lililochoka, dari yenye alama ya maji, chukua makadirio ya fundi kwa maandishi, pakia onlaini. Usiende mikono mitupu ukasema tu kodi ni kubwa, hilo hawalisikilizi, wao wanaongea thamani.

Bili zinaanza kutoka mwezi wa 10, mwisho wa kulipa ni 31 Januari. Ukiingia Februari tayari ni asilimia 7 juu, na inaendelea kupanda kila mwezi, kwa hiyo hata kama homstedi yako haijajibiwa lipa kwanza, tofauti utarudishiwa.

Kama mogeji, yani waliokukopesha hela ya nyumba, ndo wanakulipia kodi kutoka kwenye eskroo, ile akiba ya kodi unayochangia kila mwezi ndani ya malipo yako, wao hawajui kama umepata homstedi mpaka bili mpya iwafikie, na malipo yako ya mwezi yanabaki pale pale juu. Ukishaona ukurasa wako wa HCAD umeandika msamaha, uchapishe, wapigie simu waombe wapige upya hesabu ya eskroo na uwatumie ile karatasi. Mimi nilipiga simu mara mbili, ya kwanza waliniambia nisubiri mwisho wa mwaka, ya pili nikamwomba yule dada aandike kwenye faili langu kwamba nimetuma karatasi na tarehe niliyotuma, na malipo ya mwezi uliofuata yakashuka.