Chomeka yoki kwanza, ndipo upime mchezo wa shafti

Giaboksi ikishafunguliwa na kuundwa upya, usiamue kwamba shafti yake ya kutokea imelegea kabla ya kuchomeka mahali pake yoki, yaani kichwa cha mbele cha propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma). Katika giaboksi nyingi ambazo yoki huteleza juu ya meno ya shafti, ncha ya nyuma ya shafti haishikwi na beringi. Kinachoishika ni yoki yenyewe, inayozunguka ndani ya bushi (pete ya chuma isiyo na gololi) iliyo mkiani mwa giaboksi, na ndiyo maana shafti tupu hutikisika hata pale kazi yote ilipofanywa sawasawa. Yoki ikiwa ndani, isukume juu na chini: mtikisiko ukiisha, giaboksi haina kosa hapo, ukibaki, ishuku bushi kabla ya kufungua kitu kingine chochote, kwa sababu hilo ndilo huokoa kazi nyingi ya bure. Mchezo, yaani ulegevu, wa mbele na nyuma upimwe kwenye shafti yenyewe, kwa saa ya kupimia (kifaa chenye mshale kinachoonyesha mwendo mdogo sana), na ulinganishwe na kitabu cha matengenezo cha gari hilo. Mzunguko mdogo wa kushoto na kulia ni wa kawaida, kwani meno ya gia huhitaji nafasi.

Njia hii haifai kwa giaboksi yenye flanji (sahani ya kuunganishia propela shafti) iliyokazwa kwa nati, ambayo shafti yake ina beringi ya nyuma. Hapo anza kwa kukagua kama nati imekaza. Njia hii hudanganya pia yoki inapokuwa imelika: pitisha ukucha sehemu inayokaa kwenye bushi, na ukihisi mfereji, rudia kipimo kwa yoki nzima.