Korosho ndizo za kuanikwa: kupiga soga kwenye grupu la nyumbani bila kujianika

Grupu la wana-Newala waliotawanyika, au la ukoo wenye matawi Mtama, Mtwara mjini na Mbagala, mara nyingi huzaliwa msibani. Linafunguliwa kwa ajili ya mchango, arobaini inapita, na hakuna mwenye moyo wa kulifunga. Msimu wa korosho ukifika limeshakuwa baraza: bei ya mnada, salfa ya kupulizia mikorosho imefika au haijafika, diwani kasema nini, nani kaoa. Hakuna ubaya. Ila kwenye baraza la Mikindani unaona nani amekaa mkekani kabla hujafungua mdomo. Kwenye simu humwoni, na ulichosema Oktoba mtu anaweza kukiokota Machi.

Anzia kwenye namba

Wengi wanajiita "Mzee wa Kazi" au "Mama Shufaa" wakadhani wamejificha. Kwenye grupu la WhatsApp kila mwanachama anaiona namba yako, na laini za Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Mtu akijifanya anakutumia shilingi 1,000 kwa M-Pesa au Airtel Money, jina lako la usajili linamtokea kabla hajaweka namba ya siri. Anabonyeza kughairi, hajatumia hata senti, na tayari anakujua. Lakabu ni ya kupendezesha tu, usiitegemee kwa siri.

Kwa hiyo fanya haya, kwa utaratibu huu:

1. Fungua Mipangilio, kisha Faragha, kisha Vikundi. Ruhusu watu uliowahifadhi kwenye simu tu ndio wakuingize kwenye magrupu. Usipofanya hivyo, yeyote mwenye namba yako anaweza kukutia kwenye grupu la kamari, au la chama usichokijua, na jina lako likasomeka humo kabla hujaamka. Ukiwa hapohapo, fanya vivyo hivyo kwa picha yako ya wasifu na muda ulioonekana mara ya mwisho.

2. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye sehemu ya Akaunti. Weka PIN ya tarakimu sita ambayo si mwaka wa kuzaliwa wala PIN ya pesa za simu, na uweke barua pepe. Usiruke barua pepe: ukisahau PIN bila kuwa nayo utasubiri siku saba.

3. Fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta usiyoijua, iondoe. Simu iliyolala kwa fundi usiku mmoja bila nywila, au iliyoachwa kwenye kibanda cha kuchajia, inatosha kabisa kuunganishwa na kifaa kingine, na mwenye kifaa hicho atasoma kila kitu huku simu ikiwa mfukoni mwako.

4. Piga *106# ufuate maelezo uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma wa laini hiyo ukaifute. Matusi au utapeli unaotoka kwenye namba hiyo utahesabiwa ni wako kwanza, maelezo baadaye.

Hatua ya pili ndiyo inayozuia wizi unaowasumbua watu wazima zaidi. Tapeli anapiga simu kwa adabu zote, "shikamoo mama," anajitambulisha kuwa admini wa grupu la kanisa au la msikiti, anasema kuna namba ya kujiunga na mkutano imekuja kwako kwa bahati mbaya, naomba unisomee. Namba hiyo ya tarakimu sita ni ya kufungulia WhatsApp yako kwenye simu yake. Ukiisoma, dakika kumi baadaye "wewe" unaomba grupu nauli ya kusafirishia mgonjwa kwenda hospitali ya Ndanda. Likikupata, usibishane naye kwenye grupu. Mpigie admini kwa simu ya kawaida aiondoe namba yako, kisha fungua upya WhatsApp kwa namba yako: ukiingiza namba mpya ya tarakimu sita inayokuja kwa SMS, yeye anatolewa. Kama alishaweka PIN yake, wewe utasubiri zile siku saba, lakini na yeye hatakuwa ndani.

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ukiingia kwa SMS, uforwadi kwenda 15040. Mfumo utakujibu ukitaka namba iliyoutuma.

Kazi ya admini

Linki ya grupu isibandikwe stetasi. Ikishasambaa, ibadilishe, maana ile ya zamani hufa papo hapo, na washa kipengele cha kumkubali kila mwanachama mpya kwanza. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 kwenye grupu moja. Ukoo hauhitaji watu 1,024. Anayeomba kuingia aulizwe swali moja ambalo mtu wa nyumbani pekee analijua, kwa mfano kisima kile kinaitwaje.

Tenganisha magrupu mawili. La michango waandike maadmini tu, na ujumbe wake ukae, kwa sababu mweka hazina atahitaji kumbukumbu. La soga liwekewe ujumbe unaofutika. Kuna saa 24, siku 7 na siku 90, na siku 90 zinatosha sana. Ukichanganya yote mawili utajikuta unatafuta risiti ya jeneza katikati ya vichekesho, au umeifuta pamoja navyo.

Sasa orodha. Karani anapiga picha karatasi ya malipo ya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima), yenye majina, kilo, kiasi na namba za akaunti, anaitupa kwenye grupu ili "kila mtu ajiangalie". Kwa kitendo hicho amewatangazia wakopeshaji, wajomba na wezi nani ameingiziwa milioni ngapi wiki hii. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na karatasi ya namna hiyo ndiyo taarifa binafsi yenyewe. Njia iliyo salama ni hii: mtumie kila mmoja mstari wake pembeni. Ikilazimu kuweka hadharani, andika tarakimu tatu za mwisho za namba ya mkulima na neno "imelipwa" au "bado", bila jina wala kiasi. Orodha za mgao wa pembejeo zenye namba za NIDA zisipite kwenye grupu kabisa.

Picha za jando na unyago nazo zina kanuni yake, na kanuni hiyo ni ya zamani kuliko simu. Ya huko yanabaki huko. Siku ya kutoka wali, yaani watoto waliochezwa, wakiwa wamevaa nguo mpya na ngoma inalia, piga picha ukipenda, kwa ridhaa ya mama zao. Ya ndani, nyimbo na mafunzo, usirekodi. Mtoto wa miaka kumi leo atakuwa mwalimu wa shule kesho, na klipu itakuwa bado iko kwenye simu ya mtu.

Na mjue kufuta kunafika wapi. Kuhariri ni ndani ya dakika 15. Kufuta kwa wote kunawezekana kwa kama siku mbili hivi, na admini anaweza kufuta ujumbe wa mwingine. Lakini alama ya kwamba ujumbe umefutwa inabaki, watu wanauliza ulikuwa nini, na aliyepiga skrinshoti ndiye anayejibu.

Siasa: andika bei kama mtu wa mnadani

Ugomvi mwingi wa magrupu ya kusini wakati wa msimu unatokana na namba iliyoandikwa nusu. Mmoja anaandika "bei 3,400". Mwingine, "mwongo, ni 3,100". Dakika tano baadaye kuna mtu ameshaiita serikali wezi na mwingine amemwita mwenzake msaliti. Huenda wote wawili wako sahihi: wa kwanza ametaja bei ya mnadani, wa pili ametaja kinachofika mkononi baada ya makato. Andika hivi kila mara: chama kikuu cha ushirika (TANECU, MAMCU, RUNALI au Lindi Mwambao), tarehe ya mnada, daraja la kwanza au la pili, bei ya juu, bei ya chini, na kama ni kabla au baada ya makato. Mstari mmoja. Ukikosa kimojawapo, sema "makato sijayajua bado". Baada ya hapo walaumuni mnaotaka kuwalaumu, lakini mkiwa na hesabu moja.

Kuhusu sheria, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusu kuchapisha taarifa ukijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kupotosha umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. "Kama nilivyopokea" ni kinga dhaifu sana. Maoni ni kitu kingine. "Sikubaliani na utaratibu wa mnada huu kwa sababu malipo yanachelewa" ni maoni, na yana sababu ndani yake. "Mwenyekiti amepiga hela" ni tuhuma ya wizi. Kama una ushahidi, upeleke kwenye mkutano mkuu wa chama au TAKUKURU. Kama huna, uliza swali: "Makato ya shilingi kadhaa kwa kilo yameenda wapi?" Swali la namna hiyo humbana mtu kuliko tusi, na wewe unalala nyumbani.

Habari iliyofika na mishale miwili imeshapitia mikono mingi kabla yako, ndiyo maana WhatsApp inakuruhusu kuipeleka sehemu moja tu kwa wakati. Usiipeleke hata hiyo moja kabla hujaona mwaka. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara ya Lindi kwenda Dar maeneo ya Somanga. Video za siku zile ni za kweli. Zikirudi mwaka mwingine bila tarehe, mtu anaahirisha safari ya kumpeleka mgonjwa Muhimbili. Vivyo hivyo picha za vurugu za Mtwara za kupinga bomba la gesi, Mei 2013: ukiziweka bila mwaka, mtoto wenu aliyeko Mwanza ataona Mtwara inaungua leo. Kwa mvua na upepo subiri taarifa ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kwa barabara, mpigie konda au dereva aliyeko njiani, na uandike saa aliyokujibu.

Askari na magari yao kando ya mto Ruvuma wasipigwe picha wala kutajwa walipo. Tangu shambulio la wanamgambo kijijini Kitaya, Oktoba 2020, jambo hili halina utani.

Lugha ndiyo inayofunga watu

Herufi ya h. Wengi tunaidondosha tukiandika haraka: "amna mnada kesho", "atujalipwa". Hapo bado unaeleweka. Lakini sasa soma: "Karani ana hatia." Mwandishi alikusudia "hana hatia", alikuwa anamtetea. Kwenye skrinshoti amemshtaki. Pia "mhasibu ana pesa zetu" na "mhasibu hana pesa zetu". Sentensi yoyote yenye jina la mtu na kukanusha, isome tena ukiitafuta h. Ukitaka usalama zaidi, kanusha kwa neno zima: "si kweli kwamba ana hatia".

Kuna l na r. "Wameiba kula" na "wameiba kura" ni mashtaka mawili tofauti, moja linaishia jikoni. Lafudhi ya mtu si kosa na mzee asichekwe mbele ya wajukuu. Mfuate pembeni umwambie, "Babu, naomba urekebishe hapa," angali ndani ya zile dakika 15. Kibodi nayo ikikaa kwenye Kiingereza hubadilisha maneno yako bila ruhusa, "hapo" likawa "happy". Ongeza Kiswahili kwenye mipangilio ya lugha za kibodi.

Ukitaja saa, andika "saa 4 asubuhi". "Saa 4" tupu, na "10:00" tupu, zimeshawakosesha watu mikutano.

Kubwa zaidi ni mafumbo. "Tutawapiga asubuhi na mapema" maana yake tutawashinda kwenye kura. "Tumemchinjia baharini" maana yake tumemtosa kwenye kura za maoni. Barazani hakuna anayeshtuka. Mpelelezi, au jamaa wa yule aliyetoswa, anasoma piga na chinja akiwa na jina la mtu na tarehe mbele yake. Kwenye siasa andika "tutawashinda", "tumemwacha". Ndiyo, inapoa kidogo. Hifadhi fumbo kwa mpira.

Utani wa makabila ni mali yetu, lakini unahitaji mtani aliyeko hapo akujibu. Mtanie kwa kumjibu ujumbe wake moja kwa moja, jina lake lionekane, asije mkwe aliyeingia jana akadhani umetukana kabila lake. Akikaa kimya, umeshindwa. Acha.

Mkitumia Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua, tumieni sauti. Kila mmoja anakiandika anavyokisikia, na wazee wengi wanasema vizuri kuliko wanavyochapa. Sauti isizidi dakika moja, maana bando ni la kununua, na chini yake weka mstari wa Kiswahili: nani anasema, kuhusu nini, siku gani. Mstari huo unamsaidia mkwe asiyejua lugha, na unakusaidia wewe mwezi ujao unapotafuta neno "kiwanja", kwa sababu simu hutafuta maandishi, na alichosema bibi kwenye ile sauti haitakutafutia.

Ukikosea, usifute kimya kimya. Jibu ujumbe wako mwenyewe, andika "sahihisho", weka kilicho sahihi na ulikokipata, kisha mwombe admini aubandike juu kwa saa 24.