SOMO: Kupima damu ya ndama kujua kama dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kuzaa) imeingia

Wakuu, kila wiki swali ni lile lile: "Ndama alikunywa dang'a, mbona anaharisha?" Kunywa ni jambo moja, kingamwili kufika kwenye damu ni jingine. Ndama huzaliwa karibu hana kingamwili kabisa, na utumbo wake huacha kuzipitisha baada ya kama saa 24. Kipimo hiki kinakuonyesha nani yuko hatarini kabla hajaugua.

1. Chagua ndama wa siku 2 hadi 7, asiyeharisha.

2. Safisha shingo kwa spiriti, toa mililita 5 kwenye mshipa wa shingo. Kama hujawahi, daktari wa mifugo akuelekeze kwanza.

3. Tia kwenye tyubu ya kifuniko chekundu.

4. Hapa ndipo wengi huharibu. Simamisha tyubu kivulini saa kadhaa, damu igande yenyewe na seramu ya njano ijitenge juu. Hata mwenye mashine ya kuzungusha asubiri igande kwanza. Usiitikise, usiianike juani, usiiweke friza. Seramu ikitoka nyekundu, chembe za damu zimepasuka: toa sampuli nyingine. Na tyubu ya kifuniko cha zambarau USITUMIE. Dawa iliyomo huzuia damu kuganda, kwa hiyo protini ya kugandisha inabaki ndani ya majimaji na namba inapanda bure. Utamwona ndama mzima kumbe hana kinga.

5. Weka refraktomita ya Brix (kifaa cha kupima ukolezi wa majimaji, hapa protini za seramu zikiwemo kingamwili) kwenye sifuri kwa maji safi ya betri (yasiyo na asidi).

6. Tone moja au mawili ya seramu, soma asilimia ya Brix.

9.4 kwenda juu ni bora. 8.9 hadi 9.3 nzuri. 8.1 hadi 8.8 wastani. Chini ya 8.1, mlinde huyo. Kuhukumu zizi zima pima ndama kama 12. Walio chini ya 8.1 wasifike mmoja kati ya kumi.

Mfugaji wa Njombe: Wangu anaharisha siku ya tatu, imesoma 9.6. Yuko poa?

Jibu: Hatua ya 1, mkuu. Aliyepungukiwa maji damu yake imekolea. Namba hiyo haina maana. Mpe maji ya chumvi na sukari, muite daktari.

Mama Ng'ombe: Akisoma 7.5, nikimwongezea dang'a itapanda?

Jibu: Swali zuri, dada. Haitapanda, mlango umeshafungwa. Lakini dang'a kidogo ndani ya maziwa kwa siku kadhaa hulinda utumbo kwa ndani. Mtenge, ndoo yake iwe safi, pima joto asubuhi na jioni. Kisha tafuta chanzo: dang'a yenyewe ipime kwa refraktomita hiyo hiyo, ifike 22, na ndama wa kilo 35 apate lita 3.5 ndani ya saa 2 za kwanza.

Mfugaji wa Nyandarua: Inatabiri ndigana kali (East Coast Fever) pia?

Jibu: Hapana. Hiyo huletwa na kupe. Ogesha, uliza chanjo.

Mama Ng'ombe: Dang'a inayobaki?

Jibu: Ile ya 22 na zaidi gandisha kwenye chupa za lita moja. Kuyeyusha, tumia maji yasiyozidi nyuzi 50. Yanayochemka huharibu kingamwili.