Kurudisha mtandao kwenye Linux baada ya kufuta vifurushi vilivyoubeba

Mtu anafuta programu moja asiyoihitaji, au anaendesha `autoremove` bila kusoma orodha, kisha alama ya mtandao inatoweka kwenye upau. Kwenye Ubuntu njia ya haraka zaidi ya kufika hapo ni kufuta `python3`: inaondoka na msururu mrefu, ikiwemo netplan, chombo cha Ubuntu cha kupanga mtandao. apt, programu inayosimika na kufuta vifurushi, hukataa au hudai uandike sentensi nzima ya kukubali unapogusa vifurushi vilivyowekewa alama ya Essential, yaani vya lazima kwa mfumo. `network-manager` haina alama hiyo, kwa hiyo hukuulizwa zaidi ya ndiyo au hapana.

Usikimbilie kusimika mfumo upya. Kerneli, kiini cha mfumo, ndiyo inayoongea na kadi ya mtandao, na bado ipo. Kilichoondoka ni msimamizi (NetworkManager) aliyekuwa akiomba anwani na kuandika anwani za seva za DNS, zile zinazotafsiri majina ya tovuti kuwa namba, kwa niaba yako. Kazi hizo mbili unaweza kuzifanya kwa mkono kwa muda mfupi, apt ikapata njia ya kutokea, kisha msimamizi akarudishwa.

Kompyuta ikiwa bado inawaka, usiizime. Moduli za kerneli zilizokwisha kupakiwa huendelea kufanya kazi hata kama mafaili yake yamefutwa kwenye diski. Ukiizima, huna uhakika zitarudi.

Maelezo haya ni ya Debian, Ubuntu na ndugu zake. Kwenye Fedora, ukishapata mtandao, `dnf history undo last` inakumalizia kazi. Kwenye Arch, vifurushi vya zamani kwa kawaida bado vimo ndani ya `/var/cache/pacman/pkg`. Virudishe kwa `pacman -U`, wala hutahitaji mtandao.

Hatua ya 1: Jua kilichofutwa

Eneo-kazi likiwa limeondoka, bonyeza Ctrl+Alt+F3 uingie kwa jina na nywila yako. Kisha:

`sudo -i`
`less /var/log/apt/history.log`

Fanya kila kitu kuanzia hapa ukiwa root kamili (mtumiaji mwenye mamlaka yote), si kwa kutanguliza `sudo` kwenye kila amri. `sudo echo kitu > faili` haifui dafu, kwa sababu alama ya `>` inatekelezwa na ganda (shell) lako la kawaida, lisilo na ruhusa.

Chini kabisa ya kumbukumbu hiyo kuna mstari unaoanza na `Remove:` au `Purge:`. Utazame, usiufanyie kitu kwa sasa.

Hatua ya 2: Kadi inaonekana?

`ip link`

Ukiona jina kama `enp3s0`, `eth0` au `wlp2s0`, nenda hatua ya 3. Ukiona `lo` peke yake, tatizo ni draiva. Endesha `lspci -k`: kadi isiyo na mstari wa "Kernel driver in use" imekosa moduli. Kwenye Ubuntu mara nyingi kilichoondoka ni kifurushi cha `linux-modules-extra` cha kerneli hiyo. Washa upya, fungua "Advanced options" kwenye GRUB, uchague kerneli ya zamani. Kwa Wi-Fi, angalia pia `dmesg | grep -i firmware`; ikilalamika kuwa imeshindwa kupakia faili, kinachokosekana ni `linux-firmware`, au kwa Debian `firmware-iwlwifi`, `firmware-realtek` na wenzake.

Hatua ya 3: Pata anwani

Tumia kebo. Kama ruta iko mbali, chomeka simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe kushiriki mtandao kupitia USB. Simu nyingi zitapitisha hata Wi-Fi iliyounganishwa nazo, bila kula bando. Kompyuta inaiona simu kama kadi ya kebo, kwa jina la `usb0` au jina refu linaloanza na `enx`. Jina hilo linaweza kubadilika kila unapochomoa na kuchomeka, basi ukishachomeka, iache hapo.

Chombo ninachokipendelea ni `systemd-networkd`, kwa sababu kinakuja ndani ya kifurushi cha `systemd` chenyewe. Kama kompyuta inawaka, karibu hakika kipo. Wengi hukimbilia `dhclient`, lakini matoleo mapya hayaji nayo kila mara. Andika:

`mkdir -p /run/systemd/network`
`nano /run/systemd/network/20-muda.network`

Ndani yake weka mistari hii minne:

`[Match]`
`Name=en* eth* usb*`
`[Network]`
`DHCP=yes`

Halafu:

`chmod 644 /run/systemd/network/20-muda.network`
`systemctl restart systemd-networkd`
`ip addr`

Nimeliweka faili hilo `/run` na si `/etc` makusudi: yaliyomo ndani ya `/run` hufutika kompyuta ikizimwa. Ukiliweka `/etc` ukalisahau, wiki ijayo utakuwa na wasimamizi wawili wanaogombania kadi moja.

Ikiwa hakuna DHCP, yaani ruta haigawi anwani yenyewe, weka anwani kwa mkono, ukichagua namba isiyotumiwa na kifaa kingine:

`ip link set enp3s0 up`
`ip addr add 192.168.1.50/24 dev enp3s0`
`ip route add default via 192.168.1.1`

Wi-Fi pekee ikiwa ndiyo uliyo nayo, kagua kwanza kama `wpa_supplicant` ilinusurika, maana huwa inaondoka pamoja na `network-manager`. Ikiwepo:

`wpa_passphrase "JinaLaWiFi" "nywila" > /run/wifi.conf`
`wpa_supplicant -B -i wlp2s0 -c /run/wifi.conf`

kisha ongeza `wl*` kwenye mstari wa `Name=` na uanzishe networkd upya. Isipokuwepo, usipoteze muda. Rudi kwenye waya wa simu.

Hatua ya 4: DNS, mahali watu wanapokwama

`ping -c 3 1.1.1.1`
`getent hosts deb.debian.org`

Ya kwanza ikijibu na ya pili ikakaa kimya, mtandao unao. Usiguse tena anwani, wala kebo, wala ruta. Kinachokosekana ni kutafsiri majina, na chanzo karibu kila mara ni `/etc/resolv.conf`. Itazame hivi:

`ls -l /etc/resolv.conf`

Kwenye Ubuntu hilo si faili halisi, ni kiungo kinachoelekeza `../run/systemd/resolve/stub-resolv.conf`. Faili la upande wa pili hutengenezwa na `systemd-resolved`, huduma ya kutafsiri majina. Jaribu kwanza `systemctl restart systemd-resolved`, ikianza, umemaliza. Lakini matoleo mapya ya Debian na Ubuntu yameitenga resolved ikawa kifurushi chake, na kwa hiyo nayo inaweza kuwa ilifagiliwa. Hapo kiungo kinaning'inia hewani. `ls` inakionyesha, ila ukijaribu kukiandikia unaambiwa "No such file or directory", na mtu anabaki anajiuliza faili analoliona kwa macho linakosekana vipi. Kiondoe kwanza, ndipo uandike:

`rm /etc/resolv.conf`
`echo "nameserver 1.1.1.1" > /etc/resolv.conf`
`chmod 644 /etc/resolv.conf`

Usiuruke ule mstari wa `chmod`. apt hupakua vifurushi kwa kutumia mtumiaji asiye na mamlaka aitwaye `_apt`. Kama umask ya root (mpangilio wa ruhusa za mafaili mapya) ni 077, faili ulilounda litasomwa na root peke yake: `ping` itafanya kazi, `getent` itafanya kazi, halafu `apt-get update` itasema "Temporary failure resolving". Unaweza kuzunguka saa nzima ukibadilisha seva za DNS, kumbe ni ruhusa tu.

Kuna hali nyingine. Faili likiwa la kawaida lakini ndani limeandikwa `nameserver 127.0.0.53`, hiyo ni anwani ya resolved ndani ya kompyuta yenyewe. Resolved ikiwa haipo, hakuna anayesikiliza pale. Badilisha. Ikiwa 1.1.1.1 haijibu maswali ya majina ingawa mtandao upo, huenda mtandao huo unazuia DNS za nje. Tumia anwani ya ruta, ile inayofuata baada ya neno `via` ukiandika `ip route`. Na kama kila kitu kiko sawa ila majina bado hayatafsiriki, fungua `/etc/nsswitch.conf`: mstari wa `hosts:` lazima uwe na neno `dns`.

Utakutana na ushauri wa kuligandisha faili kwa `chattr +i` ili lisibadilishwe. Usifanye. Dakika kumi baadaye utakuwa unarudisha vifurushi, na kifurushi kitakachotaka kuweka kiungo chake pale kitagonga mwamba.

Hatua ya 5: Rudisha vifurushi

`apt-get update`
`apt-get install network-manager`

Kama eneo-kazi nalo liliondoka, ongeza kifurushi-mama chake: `ubuntu-desktop` kwa Ubuntu, `task-gnome-desktop` kwa Debian yenye GNOME. Kifurushi-mama kinavuta vingine vyote na kuviacha vimewekewa alama ya kujisimika vyenyewe, jambo litakalokusaidia huko mbele.

Kwa yaliyosalia, toa orodha kwenye kumbukumbu:

`grep '^Remove:' /var/log/apt/history.log | tail -1 | sed 's/^Remove: //; s/([^)]*)//g; s/,//g' > /root/orodha`
`apt-get -s install $(cat /root/orodha)`

Weka `Purge` badala ya `Remove` kama ndivyo mstari wako ulivyoanza. Ile `-s` ni ya majaribio tu. Soma matokeo, kisha uiondoe `-s` na uendeshe tena. Kifurushi kimoja kisichopatikana tena, mathalani kerneli ya zamani, kinasimamisha orodha nzima kwa "Unable to locate package". Futa jina hilo uendelee.

Kama hatua ya 3 imegoma kabisa, na una kompyuta nyingine

apt bado inakumbuka anwani za vifurushi hata bila mtandao:

`apt-get -y --print-uris install network-manager | grep -o "http[^']*" > anwani.txt`

Peleka faili hilo kwa flashi kwenye kompyuta yenye mtandao, `wget -i anwani.txt`, rudi na mafaili ya `.deb`, kisha `dpkg -i *.deb` ndani ya folda yake. Ukipata 404, toleo limeshabadilishwa kwenye seva. Ondoa jina la faili mwishoni mwa anwani, fungua folda inayobaki, uchukue toleo jipya la tawi lilelile la mfumo wako. Kabla ya yote chungulia `/var/cache/apt/archives`: waliozoea `apt-get` huenda wakavikuta vifurushi humo, lakini amri ya `apt` huvifuta ikishasimika. Hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kubaki na `apt-get`.

Kama mfumo wenyewe hauwaki

Washa kwa flashi ya Ubuntu, unganisha mtandao humo, kisha ingia kwenye mfumo wa diski kwa `chroot`, amri inayokuweka ndani ya mfumo huo kana kwamba ndio uliowashwa:

`mount /dev/sda2 /mnt`
`for d in dev proc sys run; do mount --rbind /$d /mnt/$d; done`
`chroot /mnt`

Badilisha `sda2` kulingana na `lsblk`. Diski iliyofungwa kwa LUKS inataka `cryptsetup open` kwanza, LVM inataka `vgchange -ay`, na btrfs ya Ubuntu inataka `-o subvol=@`. Ukiambiwa `/bin/bash` haipo, umepachika sehemu isiyo yake.

`run` kwenye orodha ile ndiyo huachwa na wengi. Bila hiyo DNS haitafanya kazi ndani ya chroot, na ukijaribu kunakili `/etc/resolv.conf` kutoka nje, `cp` itakataa kwa "not writing through dangling symlink". Ukipachika `/run`, kile kiungo kinachoning'inia kinapata pa kutua: faili la resolved ya flashi. Baada ya hapo ni hatua ya 5. Ujumbe wa "Running in chroot, ignoring request" ni wa kawaida.

Kusafisha

`rm /run/systemd/network/20-muda.network`
`systemctl stop systemd-networkd`
`systemctl restart NetworkManager`
`nmcli device`

Kwenye Ubuntu, kadi ya kebo ikisomeka "unmanaged", sababu ni kwamba NetworkManager ya Ubuntu huja na mpangilio wa kutoigusa kebo mpaka netplan iseme. Rudisha `/etc/netplan/01-network-manager-all.yaml` ikiwa na mistari hii, ukitumia nafasi na si Tab:

`network:`
`  version: 2`
`  renderer: NetworkManager`

kisha `netplan apply`. Kwenye Debian, angalia kama kadi imetajwa ndani ya `/etc/network/interfaces`. Ikitajwa humo, NetworkManager huiacha. Futa mistari ya kadi hiyo, acha ya `lo`.

Kama ulifuta kiungo cha DNS na `systemd-resolved` imesharudi, kirudishe:

`ln -sf ../run/systemd/resolve/stub-resolv.conf /etc/resolv.conf`

Debian isiyo na resolved haihitaji hilo, NetworkManager inaliandika faili yenyewe. Washa kompyuta upya uhakikishe mtandao unakuja bila kuguswa, kisha `apt-mark manual network-manager`, ili `autoremove` ijayo isiihesabu kama mabaki.