Gauni la miaka ya 1860: pindo kwanza, kiuno baadaye

Ukishona gauni la krinolini (fremu ya pete inayovaliwa ndani kutanua sketi) kwa mashindano, usisawazishe urefu kwa kukata chini. Vipande vya sketi vya wakati ule mara nyingi vilikuwa vya mstatili, kwa hiyo maliza pindo likiwa limenyooka, kisha mvalishe mtu koseti (vazi la ndani la kubana kiuno), krinolini na sketi ya ndani, ndipo urekebishe urefu juu kiunoni. Mbele utakunja ndani zaidi kuliko nyuma, maana krinolini ya katikati ya miaka hiyo imetokeza nyuma. Ziada ikunje tu, usiikate, inanenepesha marinda.

Marinda yenyewe ni ya mkono. Cherehani hukusanya kitambaa ovyo, na kiuno kinavimba. Weka alama za chaki kila sentimita 1, mistari miwili iliyoachana sentimita 1, upitishe uzi imara uliopakwa nta, kisha uuvute kitambaa kijikunje. Mishono ya mistari yote miwili lazima ilingane kabisa, la sivyo marinda yatalala upande. Kila rinda hula nafasi mbili za alama, kwa hiyo mita 4.2 za kitambaa zikiingia kiuno cha sentimita 70, utapata marinda 210, yaani 3 kwa kila sentimita. Sufu nzito haitabanana hivyo: weka alama kila sentimita 1.5, upate 140. Pamba nyepesi iwekee utepe wa flaneli ndani ya kunjo.

Shikiza kila rinda kwenye mkanda kwa ncha yake tu, mishono miwili. Ukilishona lote, sketi haitatanuka.