Kabla hajafika getini: kikao cha nyumba kuhusu mbwa

Mwizi wa kuku hapa Kange, Tanga, haji usiku wa manane. Huja alfajiri, wanaume wakiwa msikitini na wanawake wakiwasha jiko. Aliyetutembelea sisi aliruka michongoma, akabeba majogoo wawili, akafungua mota ya kisima kwa spana yake mwenyewe akaondoka nayo. Jioni yake baba watoto akarudi na simu mkononi, kwenye kioo kuna picha ya mbwa aina ya Boerboel mwenye kichwa kama ndoo ya lita 20.

"Mama, dawa ni huyu," akamwambia mama yake.

Mama mkwe alikuwa anachagua mchele, hata uso hakuinua. "Atalala wapi? Atakula nini? Na wageni wakija nani atamshika?"

Hakujibiwa hata swali moja. Wiki haikuisha tukawa tumenunua mtoto wa mbwa, na siku ya tisa tukamzika nyuma ya mwembe. Mbwa wa pili tulimkalia kikao kwanza. Ninayoyaandika hapa ni yaliyozungumzwa kwenye kikao kile, pamoja na mengine ambayo tungeyajua mapema tusingelipa ada ya ujinga.

Anzeni na sababu, na kila mtu aseme yake. Kwetu watoto walitaka wa kucheza naye, baba watoto alitaka wa kumrarua mtu suruali, mimi nilitaka usingizi. Hao ni mbwa watatu tofauti, na hayupo mmoja atakayewatosheleza wote. Baada ya kubishana tukaona kwamba tunachokihitaji ni sauti: mbwa anayebweka mtu akigusa ua, na asiyenyamaza mpaka mmoja wetu atoke na tochi. Mbwa wa kung'ata hachagui. Atamng'ata mtoto wa jirani aliyefuata mpira, kijana wa bodaboda aliyeleta gunia la mkaa, au shangazi aliyekuja bila kupiga simu. Na hapo sindano za hospitali ni juu yenu, pamoja na kwenda kuomba radhi. Mwenye mbuzi Pongwe au shamba la machungwa Muheza ana hesabu nyingine, yeye anahitaji mbwa wa kuzunguka usiku kucha. Nyumba ya mjini yenye ua wa hatua ishirini haina hiyo kazi.

Suala la dini lisisubiri mwisho wa mazungumzo. Pwani hii wengi wetu ni wafuasi wa madhehebu ya Shafii, na kwa Shafii mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kufuga mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba kumeruhusiwa, na wanazuoni wengi wameuingiza humo ulinzi wa nyumba. Kumfuga kwa mapambo ndiko kwenye maneno. Sisi tulidhani mama mkwe atakataa kabisa. Kumbe alichokataa ni mbwa asiye na mpaka. Akatoa masharti hapo hapo, bila karatasi: kizingiti havuki, kamba ya nguo haikaribii, jamvi haligusi, na chombo chake kijulikane. Tukamtengea sufuria iliyong'oka mkono, tukaipaka rangi nyekundu ya mlango iliyobaki. Kando ya bomba la nje likawekwa kopo la udongo safi uliochekechwa. Watoto walijifunza utaratibu ule kwa siku mbili, baba yao kwa mwezi.

Mkiwa na mzee anayeswali na hajasema neno, ukimya wake msiuhesabu kuwa ridhaa. Muulizeni. Penye shaka, swali limfikie shehe kabla pesa haijamfikia muuzaji.

Halafu vukeni ua mkaongee na jirani. Kwetu njia ya msikitini inapita ukutani kabisa, na mbwa anayebwekea kila mwenye kanzu wakati wa adhana ya alfajiri atawagombanisha na mtaa mzima. Ndiyo maana banda tuliliweka upande wa migomba, mbali na njia. Jirani mwenye mabata naye alipewa taarifa, akashukuru, akaziba matundu ya wavu wake.

Kazi za kila siku zigawiwe kwa majina, maana mbwa wa watu wote hufa njaa. Asubuhi nani anabadilisha maji? Nani anaokota kinyesi kabla ya jua kuchomoza sana? Mkienda Lushoto kwenye harusi siku tatu, nani anabaki? Msimwachie dada wa kazi kimyakimya. Wa kwetu alisema wazi kuwa anaogopa mbwa, na alikuwa na haki ya kuulizwa. Na muda wenyewe si mchezo. Mbwa mdogo au wa kati akitunzwa vizuri huishi miaka 12 au zaidi, jibwa kubwa huchoka mapema, miaka 8 hadi 10. Mtoto aliye darasa la pili leo atakuwa anamaliza kidato cha nne na mbwa bado yupo getini anangoja ugali.

Ndiyo, ugali. Wengi wetu hatutanunua chakula cha mfuko. Dona na dagaa waliochemshwa bila chumvi nyingi, nyama ya vichwa na miguu ya kuku iliyotolewa mifupa, mara moja moja maini yaliyoiva, vinamweka mbwa vizuri. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama vijiti vyenye ncha na kumtoboa utumbo. Mabaki mabichi kutoka machinjioni yana minyoo ambayo mbwa huibeba na kuileta kwa watoto. Wa Sahare na wengine wanaokaa karibu na ufuko waongeze hili: wavuvi wakimtupa bunju, samaki mwenye sumu, mchangani, mbwa akamla, mara nyingi hamfiki kwa daktari.

Sasa mbegu, ambayo kila nyumba huanza nayo ilhali ingekuja baada ya yote hayo. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, hujipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje. Hewa yetu ya kaskazi, yenye joto na unyevu wa bahari, huufanya mhemo huo ufanye kazi nusu. Kwa hiyo mtazameni kwanza pua na manyoya. Mbwa wa pua bapa, akina Bulldog na Pug, hapa Tanga ni kununua maradhi. Wale weupe wa manyoya marefu mnaowaona kwenye simu wamependeza, watashinda chini ya meza wanatweta na kupe wamejificha ndani ya manyoya. German Shepherd, mnayemjua kwa jina la mbwa wa polisi, ni mbegu iliyoanza kuandikishwa Ujerumani mwaka 1899 kwa kazi ya kondoo, na bado amevaa koti mbili za manyoya kwa ajili ya baridi ya kwao. Anaishi huku, ndiyo, lakini anahitaji kivuli cha kweli, maji mengi na mazoezi asubuhi na jioni, na nyonga zake ni mbovu kwa asili katika koo nyingi. Ni mwerevu mno. Akifungwa mnyororo siku nzima, werevu ule hugeuka ukichaa wa aina yake.

Rottweiler na Boerboel wana manyoya mafupi, kwa hilo nawapa haki yao. Tatizo lao ni uzito na tumbo. Mbwa wa kilo 60 hula kama mara mbili na nusu ya mbwa wa kilo 18, na akiamua kuvuta kamba hakuna mwanamke wala mtoto nyumbani atakayemzuia. Swali la mama mkwe lilikuwa hilo hilo: nani atamshika?

Mbwa wa kienyeji tunamdharau kwa sababu hatukumlipia. Manyoya mafupi, masikio mepesi, pua ndefu ya kupitishia hewa, mwili wa kilo 15 hadi 20 na kitu. Amezaliwa na mama aliyehimili kupe wa hapa hapa. Anabweka mapema kuliko yeyote na halali kama gogo. Kwa nyumba yenye ua mdogo na bajeti ya mshahara mmoja, mimi sioni sababu ya kwenda mbali zaidi. Baba watoto alinuna siku mbili kwa kauli hii, naiandika tena hapa makusudi.

Anayetaka mbegu ya kigeni amwone mama wa mtoto kwa macho yake, nyumbani kwa mfugaji. Mama akiwa mwoga au mkali bila sababu, watoto wengi watamfuata. Neno "pyua" kwenye tangazo, yaani mbegu safi, halina uzito wowote. Chotara wengi wamepita Tanga wakiitwa pyua. Na hapa nirudi kwenye kaburi la nyuma ya mwembe. Mtu aliyetuuzia alitukutanisha stendi, mtoto yumo kwenye boksi la mafuta ya kupikia, anasema ana wiki tano na "ameshamaliza chanjo zote". Wiki tano! Chanjo za parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya sita hadi ya nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka mtoto afike wiki ya 16. Mtoto mwenyewe hatakiwi kutenganishwa na mama yake kabla ya wiki ya nane. Wa kwetu siku ya sita alikataa maziwa, akatapika, kisha kuhara damu yenye harufu ambayo ukishainusa hutaisahau. Ilikuwa parvo. Bwana mifugo akatupa na la ziada: virusi vile hukaa kwenye udongo mwaka mzima na zaidi. Sakafu ya saruji inaoshwa kwa klorini, lakini ua wa mchanga utauosha vipi? Tukaambiwa tusilete mtoto mwingine pale, tutafute mbwa mkubwa aliyekwisha kuchanjwa.

Kichaa cha mbwa ndicho kisichosubiri mjadala. Chanjo yake hutolewa mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi itunzwe pamoja na vyeti vya watoto. Ulizeni ofisi ya mifugo kuhusu kampeni za Septemba, kwa kuwa tarehe 28 ni siku ya dunia ya ugonjwa huu. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Pilipili, mafuta ya taa na majivu viacheni jikoni. Dalili zikishatokea kwa binadamu, tiba hakuna.

Dawa ya minyoo msiiruke, hasa kwenye nyumba yenye watoto wanaocheza mchangani, kwa sababu minyoo ya mbwa hupenya ngozi ya mguu na kuchora mistari inayowasha. Kupe watoeni kila jioni, masikioni na katikati ya vidole, na dawa ya kuogeshea ipimwe kwa uzito wa mbwa; ya ng'ombe haikadiriwi kwa jicho. Wanaokwenda na mbwa mashambani upande wa Pangani au karibu na Saadani wakumbuke mbung'o. Ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, humpata mbwa pia: anakonda, ana homa, jicho linafanya ukungu wa buluu na mweupe. Taasisi ya utafiti wa mbung'o ilijengwa hapa hapa mjini Tanga, na si kwa bahati nasibu. Mkiona jicho la namna hiyo msimwekee matone ya duka la dawa, mpelekeni akapimwe damu.

Jike au dume? Jike hushikwa na joto takriban mara mbili kwa mwaka, na hapo madume wa Kange yote watalala mlangoni kwenu. Mimba ni kama siku 63, na watoto sita au wanane si rahisi kupata pa kuwapeleka. Wengi huishia kutupwa jalalani ndani ya kiroba, jambo ambalo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikuliruhusu na moyo pia hauliruhusu. Pesa ya kumfunga kizazi iwekwe kando tangu mwanzo, pamoja na ya banda.

Banda lenyewe halina makuu: liinuliwe shubiri moja kutoka chini kwa ajili ya mvua za masika, paa lisiwe bati tupu, mlango uangalie upepo unakotoka. Mnyororo uwe wa mchana wageni wakiwepo, usiku afunguliwe. Maji kwenye chombo kizito asichoweza kukipindua.

Tuliyekuja kumchukua ni jike wa kienyeji wa mwaka mmoja na nusu, kutoka kwa mzee mmoja wa Pongwe aliyekuwa anahamia kwa mwanawe. Ana kadi ya chanjo, ameshafungwa kizazi, rangi ya mchanga, sikio moja limekunjika. Siku moja kabla hajafika tuliziba pengo la chini ya geti kwa tofali, tukahamisha kamba ya nguo, tukamwonyesha dada wa kazi namna ya kusukuma sufuria nyekundu kwa fimbo bila kumkaribia. Baba watoto akaenda kuchongesha kibao cha "Mbwa mkali". Mama mkwe akamuuliza ameagiza herufi za ukubwa gani. Akamwonyesha kidole gumba.

"Rudi ukabadilishe, mwanangu," akasema. "Alfajiri bado giza. Atasoma nini huyo mwizi?"