Somo: Pima mto wa jirani kabla hujaandika ripoti ya mazingira

Kamwene ndugu zangu. Somo hili nawaandikia mnaosoma mazingira kwenye vyuo vya kati huku Nyanda za Juu Kusini, hasa mnaojiandaa kwenda fildi. Kila mwaka napitia ripoti za wanafunzi, na nyingi zinaanza vilevile: "Vyanzo vya maji vinaharibiwa na shughuli za kibinadamu." Chanzo kipi? Kinatoa lita ngapi leo? Kurasa arobaini zinaisha sijaona namba hata moja ambayo mwanafunzi ameitafuta mwenyewe, na huku kijito kinapita nyuma ya bweni. Inaniuma, kwa sababu kupima kijito hakuhitaji maabara. Kunahitaji asubuhi moja na wenzako wawili.

Beba tepu ya mita 30, kamba, fimbo iliyonyooka yenye alama za sentimita, machungwa mawili, simu ya kuhesabia sekunde, kipande cha chandarua, beseni jeupe, gambuti, daftari na penseli. Nasema penseli kwa sababu wino wa kalamu ukipata umande wa Mufindi asubuhi, kazi yote inageuka madoa.

Hatua ya 1: Jua maji yako yanaelekea wapi

Wengi wanairuka hatua hii. Mkoa wa Mbeya unagawa maji yake kwa mabonde matatu. Vijito vya Rungwe vinaingia Kiwira na kwenda Ziwa Nyasa. Mto Songwe unaopita magharibi ya jiji la Mbeya unakwenda Ziwa Rukwa. Mito kama Chimala, Kimani na Mbarali inashuka uwanda wa Usangu, inaingia Ruaha Mkuu, inapita kinamasi cha Ihefu na Hifadhi ya Ruaha hadi mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, kisha Rufiji. Kwa hiyo lita moja inayopotea juu Mbarali ni lita inayokosekana kwa mpunga, kwa viboko na kwa umeme. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi. Ukiandika hilo kwenye utangulizi, halafu ukaonyesha kijito chako kimekaa wapi kwenye safari hiyo, msomaji anaelewa kwa nini umehangaika nacho.

Kila bonde lina bodi yake ya maji: ya Rufiji makao yake yako Iringa, ya Ziwa Nyasa yako Tukuyu, ya Ziwa Rukwa yako Mbeya mjini. Andika jina la bodi inayokuhusu. Utaihitaji.

Hatua ya 2: Piga hodi

Barua ya utambulisho ya chuo ipeleke kwa mtendaji wa kijiji, kisha umwone mwenyekiti wa kitongoji. Usishuke bondeni na tepu kabla hujasalimia. Mtu akiona wageni wanapima ardhi yake, hawezi kujua kwamba mnatafuta kina cha maji.

Hatua ya 3: Chagua kipande cha mto

Tafuta kipande cha mita 10 kilichonyooka, kisicho na mawe makubwa wala magugu katikati, wala maji yanayojizungusha pembeni. Funga kamba mwanzo na mwisho.

Hatua ya 4: Pata eneo la maji

Hapa ndipo mimi nilipokosea nikiwa mwaka wa kwanza, kwa hiyo nitaenda taratibu.

Kijito changu kilikuwa na upana wa mita 1.6. Nilivuka na fimbo nikipima kina kila baada ya sentimita 20. Nikapata 8, 16, 24, 28, 26, 22 na 16. Jumla yake ni 140. Nikagawanya kwa 7 nikapata wastani wa sentimita 20. Eneo likawa 1.6 mara 0.20, yaani mita za mraba 0.32. Mwalimu wangu alilizungushia duara jekundu. Alinirudisha mtoni, akanisimamisha ukingoni, akaniuliza: "Hapa ulipokanyaga, kina ni ngapi?" Ni sifuri. Na ng'ambo pia ni sifuri. Vipimo saba vinaugawa mto vipande vinane, siyo saba, na vile viwili vya pembeni vinaishia kwenye ukingo mkavu. Kwa hiyo 140 igawanywe kwa 8: wastani ni sentimita 17.5, eneo ni mita za mraba 0.28.

Hatua ya 5: Pata kasi, kisha wingi wa maji

Tumbukiza chungwa hatua chache juu ya kamba ya kwanza ili lishike mwendo wa maji, anza kuhesabu likigusa kamba ya kwanza, simamisha likigusa ya pili. Chungwa ni zuri kwa sababu sehemu kubwa yake inazama, upepo haulisukumi. Jani kavu au chupa tupu vitakudanganya. Rudia mara tano. Likikwama, usihesabu hiyo.

Mimi nilipata wastani wa sekunde 40 kwa mita 10, yaani mita 0.25 kwa sekunde. Lakini maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini yanayosuguana na mawe, ndiyo maana tunazidisha kwa 0.85. Inabaki mita 0.2125 kwa sekunde. Zidisha kwa eneo la 0.28, unapata mita za ujazo 0.0595, sawa na lita 59.5 kwa sekunde. Kwa lile kosa langu ningeandika lita 68. Lita nane na nusu za uongo kila sekunde, kwenye kijito ambacho mtu wa makamo anaweza kukiruka!

Hatua ya 6: Waulize wadudu

Simama majini, tandaza chandarua upande maji yanakoelekea, kisha chokonoa mawe kwa mguu kwa dakika mbili. Mimina ulichopata kwenye beseni jeupe lenye maji, tulia uangalie. Ukiona vijidudu bapa vyenye mikia mitatu myembamba na matamvua yanayopepea pembeni mwa tumbo, furahi: hao ni watoto wa nzi wa majini wasiostahimili uchafu. Ukiona vijumba vidogo vya changarawe vinatembea, furahi zaidi, maana ndani yake mna buu aliyevijenga. Ukiona minyoo myekundu tu na ruba, maji hayo yamekosa hewa. Wekundu wa minyoo ile ni kama wa damu yetu, unaisaidia kushika hewa kidogo iliyopo. Hesabu kila aina, chora, wapige picha, kisha warudishe.

Hatua ya 7: Pima ukingo

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Vuta tepu mara mbili uandike kila kilichomo: mikaratusi mingapi, kinyungu (bustani ya bondeni inayolimwa kiangazi) cha nani, choo, njia ya ng'ombe, mivengi (miti ya asili ya kandokando ya maji) iliyobaki. Andika ulichokiona kabla ya kuandika unachokilaumu.

Maswali ya wasomaji

Mwanafunzi, Uyole: Mwalimu, chuo chetu hakina kifaa cha kupima hewa iliyoyeyuka majini. Msimamizi atakubali wadudu peke yake?

Atakubali ukimweleza sababu. Kifaa kinakwambia hali ya dakika ile uliyokichovya. Mdudu ameishi mle ndani kwa wiki au miezi, kwa hiyo anakwambia hali ya kipindi chote hicho. Pima juu ya shamba na chini ya shamba, kisha linganisha mabeseni mawili. Ulinganisho huo ndio wenye nguvu.

Dada wa Njombe: Mimi nimepima Machi tu, na ripoti inatakiwa Mei. Nimeharibu?

Hapana dada, ila usiseme "mto una lita kadhaa." Sema "Machi, baada ya mvua, ulikuwa na lita kadhaa." Mvua zetu ni za msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili au Mei, na namba ya Oktoba itakuwa nyingine kabisa. Nenda na barua ya chuo kwenye bodi ya bonde lako uombe kumbukumbu za vituo vyao vya kupimia maji. Na Oktoba rudi upime tena hata kama umeshapewa maksi.

Mzazi, Mafinga: Binti yangu ana D nne za kidato cha nne. Anaweza kuanza?

Kiwango cha chini kwa ngazi ya 4, yaani cheti cha awali, ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Akifaulu anapanda ngazi ya 5, kisha ya 6 ambayo ni stashahada. Vyuo vingine vinataka baiolojia au kemia iwemo kati ya hizo D, kwa hiyo soma mwongozo wa udahili wa NACTVET (baraza la taifa linalosimamia vyuo hivi) wa mwaka husika kabla ya kulipa ada ya maombi popote.

Kaka wa Kilolo: Mikaratusi na vinyungu, kipi kibaya zaidi? Kijijini kwetu tunagombana.

Nakujibu kwa ninavyoamini. Mkaratusi uliopandwa kwenye tope la chemchemi unakunywa mwaka mzima, mizizi yake inakwenda chini, na mwenye nao mara nyingi hakai kijijini. Kinyungu kinalisha nyumba kiangazi, wakati ghala limepungua. Hiyo haimaanishi kinyungu hakina madhara: kikilimwa hadi ukingoni, udongo na mbolea vinaingia majini, na beseni lako litaonyesha. Ila ningeanza na mikaratusi ya bondeni, na mahali pake nipande mivengi.

Mwanafunzi, Iringa mjini: Bibi mmoja aliniuliza, "Mnapima ili mtufukuze?" Nilikosa la kusema.

Mwambie ukweli, kwamba wewe ni mwanafunzi na huna mamlaka hayo. Kisha fungua daftari umsomee ulichoandika kuhusu kijito chake, na umuulize yeye anakikumbukaje. Mimi bibi aliyeniuliza swali hilo alinyamaza kidogo, akanishika mkono, akanipeleka kwenye jiwe jeusi lililo katikati ya maji. Akasema alipokuwa binti, jiwe lile lilikuwa halionekani mpaka Novemba. Siku hiyo ilikuwa tarehe 9 Agosti. Nililipima: lilikuwa limechomoza sentimita 31, na nikaiandika namba hiyo ukurasa wa kwanza wa ripoti yangu, kabla ya namba zangu zote.